Nzi wa matunda: mdudu anayevuka mpaka ndani ya embe

Mfanyabiashara anaweza kupakia maembe mazuri yasiyo na doa, lakini siku chache baadaye mteja wake upande wa pili wa mpaka akayakuta yamejaa funza. Chanzo kikubwa ni nzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2003. Mwanzoni wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens, lakini mwaka 2015 ilithibitishwa kuwa ni Bactrocera dorsalis, aliyejulikana Asia siku nyingi.

Jike hutoboa ganda la embe linalokomaa na kutaga mayai ndani. Mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili, na funza hula nyama ya tunda kwa takriban wiki moja au zaidi. Wakishakua hutoka, hujichimbia ardhini sentimita chache na kugeuka pupa, kisha nzi kamili. Kwenye joto, mzunguko huu wote huchukua wiki 3 hadi 4 hivi.

Nzi hawa huongezeka sana maembe yanapoiva, hasa kukiwa na mvua. Msimu ukiisha hawatoweki, bali huendelea kuzaliana kwenye mapera, machungwa na kungu hadi maembe yarudi.

Hasara yake si ndogo. Mwaka 2014 Kenya ilisitisha yenyewe kuuza maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi hawa, na biashara hiyo ilianza tena mwaka 2021.

Mkulima anashauriwa kuokota maembe yaliyoanguka mara kwa mara na kuyafukia kina cha nusu mita au zaidi. Mitego ya methili yujino hunasa madume tu, hivyo ni lazima kuongeza chambo cha protini kwa ajili ya majike. Aidha, majimoto wasiuawe, kwani huwinda na kuwafukuza nzi hao.

Kwa upande wake, mfanyabiashara akate maembe machache ya kila shamba kabla ya kupakia. Hata hivyo, mayai mapya ni vigumu kuyaona, hivyo ni vyema kununua kwa mkulima anayesafisha shamba lake. Maembe mabovu nayo yasitupwe kando ya soko la mpakani, kwani funza waliomo wataingia ardhini na kutoka wakiwa nzi.