Mafuta Hayaandikwi
Wengi wetu tunaopunguza uzito tunaandika wali, maharage, chapati, halafu mafuta tunayasahau. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Mtu wa kilo 70 inabidi atembee kilomita mbili na zaidi ndo azichome. Sasa chipsi za kibandani zimeogelea kwenye kikaango, we unaandika "viazi"!

Unga nao unachanganya. Gramu 100 za unga mkavu wa mahindi zina kalori karibu 360, ila gramu 100 za ugali hazifiki nusu ya hizo, maana umeshanyonya maji. Pima unga kabla haujaingia sufuriani.

Na simu ikikwambia umechoma 500 uwanjani, usizile zote jioni. Mara nyingi inahesabu hata zile ambazo ungezichoma umekaa tu darasani.