Fedha ya Watoto Uingereza, na Barua Iliyomtisha Mzee



Msimu uliopita mzee mmoja katika wanachama wetu alitujia ofisini akitaka kukodisha mikarafuu yake kumi na mitano, karafuu zikiwa bado changa mtini. Tulipomuuliza ana dharura gani, akatoa barua ya mwanawe aliye Uingereza. Mwana aliandikiwa na serikali ya huko kwamba amelipwa fedha ya watoto kupita haki yake, na sasa airudishe. Mzee alikwisha amini kuwa mwanawe ameiba. Hakuiba. Na kwa kuwa wanachama wenye watoto na wajukuu huko si haba, tumeona tulieleze jambo hili.

Mpango wenyewe ulianza Aprili 2003 ukafungwa tarehe 5 Aprili 2025. Twaweza kuuita nafuu ya kodi kwa wenye watoto, ingawa jina hilo liliwapoteza wengi. Haukuwa mkopo, wala haikuwa lazima mtu awe analipa kodi ndipo apate. Familia iliandikiwa haki yake kwa idadi ya watoto wanaoishi nayo huko (wajukuu mnaowalea nyinyi hapa hawamo), kisha ikapunguzwa kwa kadiri ya pato la baba na mama pamoja. Pato likipita mpaka uliowekwa, kila paundi 100 iliyozidi, katika miaka ya mwisho ya mpango, ilipunguza paundi 41 katika nafuu.

Taabu ilikuwa hapa. Mwaka ulipoanza, serikali ililipa kwa kutazama pato la mwaka uliopita, na mwaka ulipokwisha ndipo hesabu ikafungwa kwa pato la kweli. Sisi wakulima hatuhitaji kufundishwa hilo: mwaka huu mikarafuu imezaa majamvi hayatoshi, mwaka wa pili imepumzika. Nani angependa kupimiwa haki ya mwaka mmoja kwa karafuu za mwaka mwingine?

Tuseme mtu ameongezewa mshahara paundi 5,000 kwa mwaka, asitoe khabari. Kwa kanuni zilizotumika tangu 2016, paundi 2,500 za mwanzo zilisamehewa. Zilizobaki 2,500 zilihesabiwa, na deni likawa paundi 1,025. Fedha yenyewe ilikwisha liwa zamani, imenunua viatu vya shule na maziwa. Katika mwaka wa kwanza wa mpango, 2003 hadi 2004, zililipwa kwa ziada paundi bilioni 2.2. Serikali ikapandisha msamaha ule hadi paundi 25,000 mwaka 2006, halafu ikaushusha kidogo kidogo mpaka ukarudi ulikoanzia.

Kufungwa kwa mpango hakukufuta madeni. Huwafuata watu katika mpango ulioshika nafasi yake, uitwao Universal Credit, ambao hupima pato mwezi kwa mwezi. Alipwaye kila wiki nne, mara moja kwa mwaka hupata mishahara miwili ndani ya mwezi mmoja wa hesabu, na msaada wake hushuka ghafula. Ajuaye mapema huweka akiba.

Lakini lipo jambo jingine katika mpango huu mpya, nalo twaliona kubwa kuliko yote kwetu. Mpango wa zamani haukuwa na kikomo cha mali. Huu mpya unacho: mwenye akiba na mali ya thamani ya zaidi ya paundi 16,000 hapati kitu, na nyumba anayoishi ndiyo isiyohesabiwa. Mali iliyo nje ya Uingereza nayo imo. Basi mzazi anayetaka kuandikisha shamba kwa jina la mwana aliye huko, kwa nia njema kabisa, amwulize kwanza, na mwana aitangaze. Kuificha ndiko kunakoleta kesi. Tena wako wenye ruhusa ya kukaa iliyoandikwa wazi kwamba hawaruhusiwi kuomba misaada ya serikali. Hao wasishawishiwe na rafiki kujaza fomu.

Ama mzee wetu, tulimwandikia mwanawe aombe kulipa kwa vipande, kwani mlango huo upo. Akakubaliwa. Mikarafuu haikukodishwa.

Mkipata barua za namna hii, zileteni ofisini kabla hamjakodisha hata mti mmoja. Twazisoma Jumamosi asubuhi, bila ya malipo.