Jua na Injini Katika Jangwa la Haji Ali

Kule Arizona, katika nchi kavu ya magharibi ya Marekani, uko mji mdogo uitwao Quartzsite. Hapo amezikwa Haji Ali, mchunga ngamia aliyeletwa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1856 pamoja na ngamia wa kuchukulia mizigo jangwani. Wamarekani ndimi ziliwagomea, wakamwita Hi Jolly. Alifariki mwaka 1902, na mwaka 1935 alijengewa mnara wa mawe wenye umbo la piramidi, juu yake sanamu ya ngamia. Nilisimama penye kaburi lile nikamsomea Fatiha.

Misafara haijakatika mahali pale, ila siku hizi haina ngamia. Kila majira ya baridi huja maelfu ya watu, wengi wao wazee waliostaafu, wakikokota nyumba zao za magurudumu nyuma ya magari, wakapiga kambi jangwani. Hapana nguzo ya stima wala mfereji wa maji. Nami nilikuwamo, pamoja na mpwa wangu, mkewe na mamake, ambaye ni dada yangu. Dada hukatikwa na pumzi usingizini, kwa hiyo hulala na mashine ya kumpulizia hewa. Betri ikifa saa nane za usiku, mashine nayo hunyamaza.

Wengi hudhani kwamba gari likivuta trela, betri ya trela hujaa njiani. Fundi mmoja alimwambia mpwa wangu hivyo hivyo. Lakini waya unaotoka kwenye gari kwenda kwenye trela ni mrefu na mwembamba, na umeme wa volti 12 hupungua nguvu katika waya wa namna hiyo, kama maji katika mpira uliobanwa. Kinachofika nyuma ni kidogo, na betri hufika kambini na njaa yake.

Basi mpwa wangu alipitisha waya mnene wa pekee, ukiwa na fyuzi huku na huku, akaweka katikati chaja inayopandisha volti na kutoa ampea 30. Chaja hiyo ina kazi ya pili. Betri za lithiamu hunywa umeme kwa pupa, na zikiunganishwa na gari moja kwa moja zaweza kuiunguza altaneta. Chaja huzishika mkono. Betri yenyewe aliiweka ndani, maana lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa imeganda kwa baridi, na usiku wa jangwani, msomaji, si wa kuchezea.

Juu ya paa alilaza paneli mbili za sola, wati 100 kila moja. Jua la Januari huko hupita chini, nazo paneli zimelala chali, hivyo hazitoi kama zilivyoandikwa. Siku nyeupe moja ilimpa kiasi cha ampea-saa 45 kwa jumla. Mashine ya dada hula kama 25 kwa usiku mzima, na taa na pampu ya maji hula zao. Hesabu ilitosha.

Ikatosha hadi mawingu yalipotanda siku mbili mfululizo. Jioni ya pili betri ilikuwa imebakiwa na kidogo sana. Mke wa mpwa wangu alitaka tufunge safari twende mjini tukalale hotelini. Mumewe akatoka bila ya kujibu, akawasha gari.

Baada ya Isha injini ilikuwa bado inanguruma. Dada akafungua dirisha.

"Mwanangu, utalizima lini hilo? Majirani wamelala."

"Bado nusu saa, mama. Ni pumzi zako hizo."

"Basi itoe ile birika ya kupashia maji katika mashine. Ndiyo inayokula. Mimi koo likikauka nitakunywa maji."

Alisema kweli. Kile kihita cha maji huweza kula umeme kuliko mashine yenyewe. Mpwa wangu alikitoa, akaacha gari lingurume saa nzima, kisha akazima. Kimya kilipoingia nilisikia mashine ikipuliza nyuma ya pazia, na nilipoamka kwa Alfajiri ilikuwa ingali ikipuliza.

Kulipopambazuka mbingu zilikuwa safi. Mpwa wangu alipanda paani na kitambaa, akawa anafuta umande na vumbi.

"Mjomba," akaniita, "nishikie ngazi."