Nyumba ya zamani: hesabu miaka ya hati kabla ya bei

Nyumba ya zamani katika maeneo yaliyokwishajengeka, kama Magomeni au Ilala jijini Dar es Salaam, humpa mnunuzi barabara, umeme na wapangaji wa karibu. Lakini mkulima au mfanyabiashara asimwage akiba yake kwa kuvutiwa na rangi mpya. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote Tanzania ni ya umma. Unachonunua ni jengo pamoja na miaka iliyobaki kwenye hati. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1998 ukomo wake ni 2031, na kuihuisha kutakuwa juu yako.

Kabla ya kulipa, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, dai stakabadhi za kodi ya pango la ardhi, hakikisha mwenzi wa muuzaji ameridhia, kisha peleka fundi akague paa na nyufa. Kila kasoro ipunguze bei.