Deni Lisilo la Mrithi

Katika sheria ya mirathi, kama aijuavyo kila aliyepata kusimama mbele ya kadhi, mali ya marehemu haigawiwi mpaka zimetolewa gharama za maziko yake, kisha madeni yake, kisha wosia wake. Na ikiwa madeni yameizidi mali, warithi hawalazimishwi kuuza vyombo vyao wenyewe ili wayalipe, wala mdai hasikilizwi kwa neno lake tupu pasipo ushahidi. Ni hukumu ya insafu, na watu huikubali bila ya ubishi panapohusika mashamba, nyumba na fedha. Walakini iko mali nyingine ambayo wazee hutuachia bila ya kuiandika wala kuitaja, nayo ni dhana zao juu ya ulimwengu na juu ya nafsi zao. Na katika mali hiyo, ajabu ni kwamba twayapokea madeni yote pasi na kumtaka mdai hata shahidi mmoja. Mtu mzima, mwenye akili timamu na riziki ya jasho lake, aweza kumaliza umri akiilipa hofu aliyoikopa babu yake katika msiba ambao yeye hakuwapo.

Sisi tufanyao kazi ya kuwasikiliza wenye dhiki za moyo, hatupitishi juma bila ya kuyasikia madai hayo. Huyu atasema kuwa nyumba yao haina kheri ya ndoa; yule, kwamba wao si watu wa kufika mbali; na wa tatu hathubutu kufurahi arusini kwa mtoto wake, kwa kuwa bibi yake alimwambia kwamba achekaye sana leo kesho hulia. Ukimwuliza ameyajuaje hayo, hushangaa kama mtu aliyeulizwa amejuaje kwamba maji yana unyevu.

Njia ya kwanza ya urithi huu ni damu, na yafaa itajwe kwa kadiri yake, bila ya kuidharau wala kuitukuza. Wataalamu waliowalinganisha mapacha wa yai moja na mapacha wa mayai mawili walikadiria, katika majumuisho yaliyotolewa mwaka 2000, kwamba kama sehemu 37 katika 100 za tofauti baina ya watu, kwa upande wa maradhi ya sonona, hutokana na maumbile ya nasaba. Hesabu hiyo hufahamiwa vibaya mara nyingi. Haisemi kwamba mtoto wa mwenye sonona ana nafasi 37 katika 100 za kupatwa. Yasema juu ya umati, wala si juu ya mtu mmoja, na sehemu kubwa iliyobaki yatoka katika maisha yenyewe.

Njia ya pili ni macho, na hii ndiyo iliyonivutia zaidi tangu nianze kazi. Mwaka 1984, Susan Mineka na wenzake, waliokuwa wakifanya uchunguzi huko Wisconsin, Marekani, walichapisha habari za kima wa Bara Hindi wa aina mbili: wazee waliokulia porini, ambao walimwogopa nyoka hofu kuu, na watoto wao waliozaliwa katika vizimba vya maabara, ambao hawakumjali nyoka hata kidogo, wakinyoosha mkono kuchukua chakula kilichowekwa ng'ambo yake. Watoto wale wakawekwa mahali pa kuwatazama wazee wao wakifazaika mbele ya nyoka. Hawakuumwa, hawakutishwa, hawakuguswa, walitazama tu. Kati ya watoto sita, watano waliingiwa na hofu karibu sawa na ya wazazi wao, na miezi mitatu baadaye walipopimwa tena hofu haikuwa imepungua. Basi ikiwa kima, asiye na usemi wa kumwonya mwanawe, aweza kumrithisha hofu kamili kwa kukunja uso na kurudi nyuma, seuze binadamu, mwenye ulimi, methali, hadithi za jioni na miaka ishirini ya kukaa na mtoto chini ya dari moja?

Fikra iliyorithiwa namna hiyo haina sauti ya fikra. Aaron Beck, tabibu wa Philadelphia aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2021, alikuwa amefunzwa katika madhehebu ya Sigmund Freud, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 aligundua kwamba wagonjwa wake, pamoja na maneno waliyomwambia, walikuwa na mkondo wa pili wa maneno mafupi yapitayo upesi moyoni, ambayo hawakuyasema kwa sababu hawakuyaona kuwa ni kitu cha kusemwa: nimeshindwa tena, hawanitaki, ndivyo tulivyo. Maneno hayo hujileta yenyewe, na mwenye nayo huyaamini kwa sababu ya upesi wake. Beck alijenga tiba nzima juu ya jambo hili, nayo, ukiiondolea istilahi zake, ni kumfundisha mgonjwa kulisimamisha neno lipitalo, kulitazama usoni na kulitaka ithibati.

Wasomaji wetu wasidhani kuwa maarifa haya yalizaliwa Marekani. Zaidi ya miaka elfu moja nyuma, Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa mji wa Balkh ulio leo katika Afghanistan, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, ambacho sehemu yake ya pili inahusu afya ya nafsi peke yake: ghadhabu, hofu, huzuni, na mawazo yamrudiayo mtu asiyapende. Aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuutibu mwili na kuiacha nafsi. Akaipambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo na huzuni isiyo na sababu ijulikanayo. Na akashauri mtu ajiwekee fikra njema wakati wa utulivu, ili azikute tayari siku ya dhiki. Shauri hilo la mwisho naliona kuwa bora kuliko mengi yaandikwayo leo, kwa kuwa aliyekwisha kuzama katika huzuni hana nguvu za kutunga hoja mpya.

Tutoe sasa mfano wa mtu wa kubuni, tuyatazame haya kwa karibu. Fundi cherehani, mwenye kibaraza chake mjini Unguja, ameombwa na rafiki yake wakodi duka pamoja na kununua mashine ya kudarizi. Usiku hapati usingizi, tumbo limemkaza, na neno moja linamzunguka kichwani, nalo ni neno la nyumbani kwao: sisi hatuna kheri na shirika. Babu yake alikuwa na jahazi nusu kwa nusu na mwenziwe, na mwenziwe akamdhulumu. Fundi huyu haambiwi aache kufikiri hivyo. Anapewa karatasi. Juu anaandika tukio, kwamba ameombwa shirika. Chini yake neno lililomjia, na kando ya neno kiasi cha yakini yake, ambacho, tuseme, ni 90 katika 100. Kisha upande wa kuume anaandika ushahidi unaolithibitisha neno hilo, na upande wa kushoto ushahidi unaolikanusha.

Upande wa kuume unaandikika upesi: babu alidhulumiwa. Akitakiwa la pili, hukwama. Aulizwapo babu alidhulumiwa kwa njia gani, hukumbuka kwamba hapakuwa na hati wala shahidi, watu wakiaminiana kwa kupeana mkono. Upande wa kushoto huanza kwa taabu, kisha hufunguka. Kila Januari, kwa miaka mitatu, ameshona sare za skuli pamoja na fundi jirani, na hesabu zimetoka sawa. Na mama yake, yule yule alitamkaye neno la nyumba kila arusi na kila tanga, amecheza upatu na wanawake wa mtaani tangu fundi akiwa mtoto, na paa la nyumba waliyomo liliezekwa kwa zamu yake ya upatu. Hapo aghalabu mtu hucheka, na kicheko hicho chafaa kuachwa kiishe chenyewe.

Hukumu anayoiandika mwishoni haipasi kuwa ya kujisifu. Akiandika kwamba yeye ni hodari na kila shirika atakaloliingia litafanikiwa, amebadilisha dhana moja isiyo na shahidi kwa nyingine isiyo na shahidi, na ya pili itavunjika siku ya hasara ya kwanza. Nina shaka kubwa na waalimu wa siku hizi wawaambiao watu wasimame mbele ya kioo na kujitaja kwa majina ya ushindi. Fundi wetu ataandika hivi: babu alidhulumiwa katika shirika lisilo na hati, mimi nitaingia kwa hati, kwa miezi sita, kwa fedha nisizozikopa. Yakini ya neno la kwanza yaweza kushuka ikafika 50, na 50 yatosha kumpa mtu usingizi.

Wako watakaouliza kwa nini asilifukuze tu neno hilo kila lijapo. Mwaka 1987, Daniel Wegner, aliyekuwa akifundisha Texas, aliwataka wanafunzi wakae dakika tano wasimfikirie dubu mweupe, na wagonge kengele kila atakapowajia. Kengele ziligongwa tele. Na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Wosia wa kumwambia mwenye ghamu "usiwaze" hutolewa kwa mapenzi, lakini kazi yake ndiyo hiyo.

Karatasi nayo ina mpaka wake, kwani kuandika si kutenda. Mwaka 1967, Martin Seligman na Steven Maier walitangaza kwamba mbwa waliopigwa na umeme wasioweza kuuepuka, walipowekwa baadaye mahali ambapo kuruka kiambaza kifupi kungaliwaokoa, wengi wao walijilaza wakavumilia. Na kwa miongo mingi ikafundishwa kuwa wanyama hao walijifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 wataalamu hao hao wawili, baada ya uchunguzi wa ubongo uliofanywa katika miaka iliyofuata, waliigeuza hukumu yao: kujilaza ndivyo uitikiavyo mwili wenyewe mbele ya dhiki ya muda mrefu, wala hakuhitaji kufundishwa, kinachofundishwa ni kujua kwamba tendo langu laweza kubadili jambo. Kwangu mimi haya ndiyo maarifa makubwa kuliko yote katika somo hili, kwani yatuambia kwamba mtu wa nyumba iliyokata tamaa si lazima awe amefundishwa vibaya. Yawezekana hakupata tu nafasi ya kutenda na kuona tendo lake likizaa. Ndiyo sababu ya miezi sita ya fundi, na fedha zisizokopwa: jaribio dogo, lenye mwisho ujulikanao, ambalo hata likienda kombo halitamfilisi.

Wala kazi hii haihitaji daktari kila mahali. Katika mtaa wa Mbare, mjini Harare, mwaka 2006, Dixon Chibanda, tabibu wa maradhi ya akili, alianza na vikongwe 14, akawafunza kukaa katika benchi la mbao nje ya zahanati na kuzungumza na wale walio na ugonjwa ambao Washona huuita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Bibi husikiliza, kisha humtaka mgeni wake achague shida moja tu miongoni mwa shida zake zote, na wapange pamoja hatua moja ya kuikabili. Matokeo ya jaribio la watu 573, yaliyotolewa mwaka 2016, yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa walioketi na vikongwe walikuwa kama 14 katika 100, ilhali miongoni mwa waliopewa huduma ya kawaida walikuwa kama 50. Benchi hilo limekwisha kuvuka hata Malawi na Zanzibar. Nalipenda hasa kwa kuwa bibi, ambaye katika hadithi zetu nyingi ndiye mwenye kutia hofu, hapa ndiye mwenye kuitoa.

Insafu yataka pia isemwe kwamba si kila onyo la wazee ni deni bovu. Mzee akatazaye kuvuka mkondo wa Pemba kwa ngalawa kusi ikiwa imeshika, hana dhana mbaya. Ana maarifa, na ushahidi wake umelala chini ya bahari. Na si kila fikra nzito ni ya urithi: asiyejua watoto watakula nini usiku hahitaji karatasi ya safu mbili, ahitaji kazi. Tena aliyekosa usingizi na hamu ya chakula kwa majuma mawili mfululizo, na zaidi aliyeanza kutamani mauti, asikae kuhesabu ushahidi. Na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na wala jina la hospitali ya maradhi ya akili, iwe Mirembe, Mathari au Kidongo Chekundu, lisiwatie watu wake aibu.

Wazazi huniuliza watafanyaje ili mirathi hiyo isiwafikie watoto, nami huwarudisha kwa kima wa Wisconsin. Mwaka 1986, Mineka na mwenzake Michael Cook walichapisha jaribio jingine, ambalo ndani yake watoto wa kima walionyeshwa kwanza mkubwa asiyemwogopa nyoka, akiwa ametulia karibu naye; kisha ndipo wakaonyeshwa mkubwa mwenye hofu. Sita kati ya wanane hawakuishika hofu ile. Kundi jingine liliachwa lizoeane na nyoka peke yake, bila ya mkubwa yeyote, na mazoea hayo hayakuwakinga. Kwa hivyo mama aliyekwisha kufiwa baharini, ambaye miguu humtetemeka akifika ufukweni, si lazima ajifanye shujaa mbele ya mwanawe. Amtangulize mtoto na mjomba wake ajuaye kuogelea, wakati wa maji madogo, mara kadhaa, kabla mtoto hajamwona yeye akiitazama bahari.