Fahamu: Kwa nini barabara za Mbinga na Nyasa hutengenezwa kwa majira

Katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, ambako mvua huanza aghalabu Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, adui mkubwa wa barabara ya udongo si lori la mizigo peke yake, bali ni maji yaliyokosa njia ya kupita.

Nani mwenye dhamana?
Barabara kuu na za mkoa zi chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS). Zile za wilaya na vijiji, tangu mwaka 2017, zimekabidhiwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ambao mwaka 2021 uliongezewa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli.

Kazi hufanywa lini?
Kabla ya mvua, mitaro husafishwa na makalavati kuzibuliwa; na mvua zikiisha, ardhi ingali na unyevu wa kuiwezesha kushindiliwa vizuri, greda huchonga njia ili iinuke katikati na kuteremka kandoni, kisha changarawe hutandazwa palipoliwa na maji.

Kuna maslahi gani?
Wamatengo, ambao kwa ngoro zao, yaani mashimo ya kilimo, huyatuliza maji mlimani yasichukue udongo, waijua nguvu ya maji tangu enzi za mababu. Mtaro uliozibuliwa Oktoba huokoa daraja Machi. Kwa hiyo ni faradhi fedha zifike mapema, wala tusilime hata ukingoni mwa mtaro, ili kahawa ifike mnadani, samaki wa Ziwa Nyasa wafike sokoni, na mama mjamzito afike hospitalini salama.