Hakimiliki na Uhuru wa Kusema: Mapendekezo ya Somo kwa Madarasa ya Juu ya Shule ya Msingi

Mwalimu wa shule ya msingi humfundisha mtoto asiibe kazi ya mwenzake, na papo hapo humfundisha aseme ukweli anaouona bila woga. Darasani mafunzo hayo mawili hukaa pamoja bila ugomvi. Katika mtandao wa intaneti, hata hivyo, hugongana mara kwa mara, kwa kuwa sheria iliyotungwa kumlinda mtunzi imetumika pia kuwanyamazisha watu ambao hawakuiba kitu. Makusudi ya makala hii ni kueleza chanzo cha mgongano huo, na kupendekeza somo moja ambalo mwanachuo aweza kulijaribu wakati wa mazoezi ya kufundisha.

1. Asili ya hakimiliki

Hakimiliki ni haki aliyo nayo mtunzi ya kuamua nani anakili, achapishe au auze kazi yake. Yafaa mwalimu afahamu kwamba haki hii ilizaliwa karibu sana na udhibiti wa maandishi. Mwaka 1557 Malkia Mary wa Uingereza alikipa hati chama cha wachapaji na wauza vitabu wa London. Chama hicho kilipata ukiritimba wa uchapaji, pamoja na mamlaka ya kupekua na kukamata vitabu vilivyochapwa bila idhini. Wachapaji walipata faida, na serikali ikapata mlinzi wa kuzuia maandishi isiyoyapenda.

Sheria ya kudhibiti uchapaji ilikoma mwaka 1695. Mwaka 1710 Bunge la Uingereza lilitunga sheria mpya, nayo katika jina lake ilijitaja kuwa ni ya kuhimiza elimu. Mtunzi wa kitabu kipya alipewa haki kwa miaka 14, na akiwa hai baada ya hapo aliongezewa 14 mingine. Muda ukiisha, kitabu kilikuwa mali ya wote. Hiyo ndiyo mizani ya hakimiliki: upande mmoja mtunzi apate riziki yake, upande wa pili jamii ipate maarifa.

Marekani ilianza mwaka 1790 kwa muda huo huo wa miaka 14 na 14. Kwa sheria ya mwaka 1998, muda huko ukafikia maisha ya mtunzi na miaka 70 baada ya kifo chake. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka maisha ya mtunzi na miaka 50. Pamoja na urefu huo wa muda, sheria za nchi nyingi huacha mlango wazi: mtu aweza kunukuu sehemu ya kazi kwa kuihakiki, kuitolea habari au kuifundishia, mradi asizidishe kiasi na amtaje mwenyewe.

2. Jinsi mizani ilivyoinama

Mlango huo ndio uliofanywa mwembamba katika mtandao. Makampuni yanayohifadhi maandishi, picha na sauti za watu wengine yaliogopa kushtakiwa kwa makosa ya wateja wao. Mwezi Oktoba 1998 Marekani ilitunga sheria iliyoyapa kinga kwa sharti moja kubwa: kampuni ikiletewa taarifa kwamba kitu fulani kinavunja hakimiliki, ikiondoe upesi. Taarifa hiyo si amri ya hakimu. Ni dai la mlalamikaji tu. Aliyeondolewa kazi yake anaruhusiwa kupinga, na mlalamikaji asipokwenda mahakamani, kazi hurudishwa baada ya siku za kazi 10 hadi 14.

Tuutazame utaratibu huu kwa makini. Kampuni ikiiondoa kazi, haipotezi kitu. Ikiiacha, yaweza kushtakiwa na kulipa fedha nyingi. Basi huondoa kwanza. Mwenye kazi, ambaye huenda hana mwanasheria wala hajui haki yake ya kupinga, mara nyingi hunyamaza. Na kama alikuwa akisema jambo kuhusu uchaguzi wa juma lijalo, wiki mbili za kungoja zimekwisha kuyafanya maneno yake yasiwe na faida.

Jambo hili halikubaki Marekani. Kwa kuwa makampuni makubwa ya mtandao yana makao yake huko, utaratibu huo humfikia hata mwalimu wa Dodoma au Kisumu atiaye somo lake mtandaoni. Kenya nayo iliingiza utaratibu wa taarifa za kuondoa katika sheria yake ya hakimiliki kwa marekebisho ya mwaka 2019.

3. Mifano miwili

Mwaka 2003 wanafunzi wa chuo cha Swarthmore, jimbo la Pennsylvania, walieneza mtandaoni barua pepe za wafanyakazi wa Diebold, kampuni iliyotengeneza mashine za kupigia kura. Barua hizo zilizungumzia kasoro za mashine zenyewe. Kampuni haikudai kwamba barua zilikuwa za uongo. Ilidai kwamba zilikuwa mali yake kwa hakimiliki, ikapeleka taarifa ili ziondolewe. Mwaka 2004 mahakama ya California iliamua kwamba kampuni ilitoa madai hayo ikijua si ya kweli, kwa sababu barua zilizohusu kasoro za mashine zilikuwa jambo la haki ya umma kulijua. Kampuni ililipa dola 125,000. Hapa hakuna mtunzi aliyeibiwa riziki. Lililolindwa lilikuwa aibu ya kampuni.

Mfano wa pili ni mdogo, lakini watoto huuelewa upesi. Mwaka 2007 mama mmoja wa Pennsylvania aliweka mtandaoni filamu ya sekunde 29 ya mwanawe mchanga akicheza jikoni, huku wimbo wa Prince ukisikika kwa mbali. Kampuni ya muziki iliagiza iondolewe. Mama alikwenda mahakamani, na mwaka 2015 mahakama ya rufani iliamua kwamba kabla ya kupeleka taarifa, mwenye hakimiliki hana budi kufikiri kwanza kama matumizi hayo ni halali. Uamuzi huo ulichukua miaka 8 kupatikana. Ni wananchi wangapi wawezao kungoja hivyo kwa sekunde 29?

4. Mapendekezo ya somo

Somo hili ni la vipindi viwili vya dakika 40, na halihitaji kompyuta. Vifaa ni ubao wa matangazo, karatasi na pini.

Utangulizi. Watoto wetu hawaanzi mikono mitupu. Katika malumbano ya mashairi, mshairi huchukua maneno ya mwenzake na kuyarudisha katika jibu lake. Hivyo ndivyo Muyaka bin Haji wa Mombasa alivyojibizana na washairi wa Lamu katika karne ya 19. Mwalimu aulize: je, anayejibu ameiba? Wanafunzi wataona wenyewe kwamba kumjibu mtu pasipo kuyagusa maneno yake ni shida.

Zoezi la ubao. Kila mwanafunzi aandike habari fupi na kuibandika. Wengine wanukuu mstari wa mwenzao na kuupinga. Mmoja, kwa maagizo ya mwalimu, anakili habari nzima ya mwenzake na kutia jina lake. Mwanafunzi mmoja awe mlinzi wa ubao. Kanuni ya kwanza: yeyote akisema, "Hiyo ni yangu," mlinzi aibandue mara moja, la sivyo apoteze alama. Baada ya dakika kumi ubao utakuwa karibu mtupu, na pamoja na habari iliyoibwa zitakuwa zimeondoka hoja zote za kupinga.

Kisha zoezi lirudiwe kwa kanuni ya pili: mlalamikaji aeleze sababu, mwandishi asikilizwe, na anayedai uongo apoteze alama yeye. Wanafunzi walinganishe mbao mbili na kuandika tofauti katika madaftari.

Muhtasari. Mwalimu aongoze darasa kupata maswali matatu ya kupimia: Je, ametaja mwenye maneno? Je, amechukua kadiri ya haja yake tu? Je, ameongeza la kwake, au amemnyang'anya mwenzake soko?

5. Tahadhari

Mwanachuo asiliache darasa likidhani kwamba hakimiliki ni adui. Waandishi wetu hupata hasara vitabu vyao vinapotolewa nakala na kuuzwa vichochoroni, na kitabu kisicholipa hakizai cha pili. Mtoto aliyenakili habari nzima katika zoezi letu alistahili kubanduliwa, na mwalimu aliseme hilo waziwazi.

Tunalotaka mtoto aling'amue ni kwamba haki ya mtunzi na haki ya msemaji hupimwa kwa kusikiliza pande zote mbili. Watoto tunaowafundisha leo wataandika sana mtandaoni, na wengine wao ndio watakaoketi kutunga sheria. Aliyewahi kuuona ubao mtupu darasani atakuwa na swali la kuuliza siku atakapoambiwa maneno yake yameondolewa.